Chukua Talaka, Niachie Mtoto

Mliokuwa nami wiki jana mliniacha nimesimama mbele ya meza ya kukatia vitambaa, karatasi mkono huu, mkasi mkono huu, sijui nianze na kipi.

Aliyefika leo nitamrudisha nyuma kidogo tu. Mume wangu ni fundi makochi. Yeye anaunda fremu za mbao, mimi nakata vitambaa na kushona. Kibao cha nje kimeandikwa "Fundi" na picha ya mtu mmoja mwenye masharubu, na mimi masharubu sina.

Asubuhi hiyo aliniwekea karatasi mezani akasema ni ombi la talaka ya maridhiano. Tuachane kwa kukubaliana, bila kuvutana, bila kuchafuana majina. Niweke sahihi pale chini alipopiga alama. Alisema kwa upole, kama daktari wa meno anayekuambia hutasikia kitu.

Siku hiyo hiyo mwenye pikapu alikuja kuuliza njia ya kulipeleka kochi la mahameli nililokuwa nalishona wiki ya tatu. Akaniambia nimfikishie bwana harusi hongera zake.

Ndivyo nilivyojua. Kochi lile lilikuwa la nyumba anayohamia. Wiki tatu nzima nilikuwa namshonea mwanamke mwingine mahali pa kukaa na mume wangu, tena kwa mishono ya kurudia ili lisifumuke mapema.

*

Shule niliachia darasa la tano, mama alipougua. Kusoma nasoma, ila polepole, neno moja napumzika, neno jingine napumzika. Ile karatasi ilinichukua siku mbili.

Sharti la kwanza lilisema hatuelewani. Nikasema sawa. La pili lilisema kila mtu aondoke na nguo zake. Nikasema sawa, nguo zangu si nyingi. La tatu lilisema mtoto atakwenda na baba yake.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Mtoto huyo ni Chaki. Sikumzaa. Mama yake alifariki mtoto akiwa mchanga, na mimi nilipoolewa nilimkuta ana miaka miwili, anatambaa chini ya meza ya kukatia. Wiki yangu ya kwanza alikula kipande cha chaki ya kuchorea vitambaa. Akaenda haja nyeupe siku mbili, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa nakagua kama kipande chote kimetoka. Baba yake alikuwa kwa wateja. Tangu siku hizo mtoto akaitwa Chaki, mimi nikaitwa Mama Chaki, na hakuna mtu mtaani aliyeniuliza cheti.

Sasa ana miaka sita. Hajui mama mwingine.

Nakiri kwenu kwamba sikulia. Watu wa haya kama mimi tunadhaniwa kuwa wapole. Mtu akiwa haongei, wenzake wanafikiri hana la kusema. Nilikunja ile karatasi, nikaitia kifuani, na moyoni nikamwambia mume wangu neno moja: Utajuta.

*

Karibu na mahakama kuna mwanamke mpiga chapa. Ana kompyuta moja na kiti kimoja chini ya ngazi, anawaandikia watu barua na maombi. Nilizunguka jengo lile mara tatu kabla sijapata ujasiri wa kusimama mbele yake. Mara ya nne akaniita mwenyewe, akasema dada, utanichosha macho, kaa.

Nikampa karatasi. Akaisoma yote mara moja kama mtu anayekunywa maji. Kisha akanitazama.

"Dada, nikuambie ukweli. Usigombane naye. Ukienda kwenye ugomvi utaulizwa, mtoto umemzaa? Utasema hapana, na maneno yako yameishia hapo. Lakini hii inaitwa maridhiano. Bila ndiyo yako, hii ni karatasi ya kufungia karanga."

Nikamuuliza ndiyo yangu ina thamani gani.

"Sawa na yake. Kwa hiyo usiitoe bure. Mkikubaliana kwamba mtoto akae kwako, mkasaini wote, mkasimama mbele ya hakimu wote mkasema ndiyo, hakimu atagonga muhuri. Ni hapo tu utampata huyo mtoto. Kwingine hupati."

Akaniambia na jambo la pili, na hili naomba mlikumbuke, kwa sababu mimi sikulikumbuka. Alisema hasira zangu nizifungie kabatini mpaka muhuri ugongwe. Baada ya muhuri, nimpige hata na kiatu.

Tukaandika jibu. Mimi nilisema, yeye akapiga chapa. Lilikuwa fupi:

"Nimepokea ombi lako. Nakubali tuachane. Sitadai kochi wala kijiko. Sharti langu ni moja, Chaki ataishi na mimi, nawe utakuja kumwona ukipenda. Ukikataa hilo, nami nakataa yote."

Nikaliweka mezani palepale alipoweka la kwake, nikalikandamiza kwa nyundo yake.

*

Alipolisoma alicheka. Kisha akalisoma tena, na mara hii hakucheka. Akaniuliza nani kaniandikia. Akaniambia mtu hawezi kumwacha mwanamke kisha akamwachia na mwanawe, watu watasema nini. Akasema mimi ni mkaidi kama msumari wenye kutu. Nikaokota uzi ulioanguka, nikaukunja.

Jioni akamleta dada yake mkubwa. Wifi yangu ni mkata tiketi kwenye stendi ya mabasi, na amezoea kusema na watu mia wanaosukumana dirishani. Sauti yake inaingia kabla yake. Tangu niolewe ananiita Bubu.

"Bubu," akasema, akiwa bado mlangoni, "kuku akilalia mayai ya bata, vifaranga vitaingia majini tu. Hukumzaa. Unamdai kwa lipi?"

Nilitaka kumwambia mengi. Kwamba siku Chaki alipopata surua yeye alituma salamu. Kwamba baba yake hajui hata kama mtoto anaogopa giza au anaogopa mbwa. Maneno yalifika kooni yakageuka. Ndivyo nilivyo.

Lakini mikono yangu haina haya. Nilisimama, nikachukua shuka, nikaifunika cherehani kuanzia juu hadi chini kama watu wanavyofunika maiti. Kisha nikakaa juu ya stuli, mikono mapajani.

"Anafanya nini?" wifi akauliza.

Mume wangu alikuwa ameelewa.

Kochi lile la mahameli, rangi ya damu ya mzee, lilikuwa limebaki makalio matatu, yaani sehemu za kukalia, na mgongo mmoja. Yule mwanamke wa kochi alikuwa amekwisha kuwaalika jamaa zake waje waione nyumba. Na mume wangu, fundi wa kwenye kibao, hajawahi kushona hata mfuko wa misumari.

*

Siku ya kwanza alisema nitachoka mwenyewe. Siku ya pili alifunua cherehani akajaribu. Akavunja sindano tano. Ya sita ilimwingia kwenye kucha ya dole gumba, akaruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na Chaki, aliyekuwa anachora chini ya meza, akamwambia, "Baba, mama huwa anaweka kidole huku." Nilitazama ukuta nisicheke.

Siku ya tatu alikwenda kwa mafundi wengine. Wakamwambia mahameli ile si kila mtu anaiweza, amrudishie aliyeianza.

Siku ya nne akaja na dole limefungwa kitambaa, akasimama mbele ya stuli yangu.

"Nikisaini unamaliza?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na tarehe ya mahakama unakwenda kusema ndiyo?"

Nikatikisa tena.

Tukaenda wote chini ya ngazi. Mpiga chapa akamlazimisha asome sharti langu kwa sauti kabla ya kusaini. Akasoma kama mtu anayetafuna mchanga. Akasaini. Nami nikaandika jina langu polepole, herufi kwa herufi, na mpiga chapa akatungoja bila kutuharakisha. Tukapewa siku ya Alhamisi kusimama mbele ya hakimu.

Aliponirudishia nakala yangu, mpiga chapa aliniambia nyuma ya kiti chake, hapo chini ya ngazi, kuna chumba kitupu, mimi na mtoto tunaweza kuanzia hapo. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Chaki alikuwa wangu. Kulibaki siku sita na ndiyo mbili.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwapa.

*

Mahameli si kama vitambaa vingine. Ina malaika, vile vinyweleo laini, kama mkono wa mtu. Ukiipapasa kwenda chini inang'aa, ukiipapasa kwenda juu inafifia na kuiva zaidi. Kwa hiyo anayekata hana budi kuhakikisha vipande vyote vinaelekea upande mmoja. Ukikigeuza kipande kimoja, juu kikawa chini, kwenye chumba chenye mwanga hafifu hutaona kitu. Karakana yetu ina taa moja na dirisha lenye vumbi. Lakini ukiliweka kochi sebuleni, ukafungua pazia asubuhi, kile kipande kitakutazama kama doa la mtu aliyejikojolea.

Nilikuwa nakata kalio la katikati. Nikaikumbuka ile sauti ya mwenye pikapu, "mfikishie bwana harusi hongera." Nikamwona yule mwanamke amekaa hapo, mume wangu kando yake, wageni wanasifia kazi ya fundi.

Mkono ukageuza kitambaa.

Sitadanganya kwamba ni bahati mbaya. Nilijua. Nilipiga chaki, nikakata, nikashona, kisha nikagonga pini kwenye fremu mwenyewe, kwa sababu makalio yale si mito ya kutoa na kugeuza. Nilifanya kwa ustadi wangu wote. Mume wangu alikuja akalikagua kochi kwa kulitikisa, kuona kama miguu inayumba. Kingine hakitazami. Akasema sasa hapo, Mama Chaki, umefanya kazi.

Mpiga chapa aliniambia nizifungie hasira kabatini. Mimi nilizishonea kwenye kochi nikazituma kwa pikapu.

*

Kochi liliondoka Jumatatu. Jumanne saa nne asubuhi mwenye kochi mwenyewe akaingia karakana.

Nilikuwa namwita moyoni Wa Miwani, kwa kuwa mwenye pikapu alisema anauza miwani kwenye duka la mtaa wa mbali. Nilimtarajia mwanamke wa kujipara, mwenye kucheka ovyo. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, miwani mizito usoni na uso wa mtu asiyependa kupotezewa wakati.

Hakumsalimu mume wangu. Akamuuliza nani aliyekata kitambaa cha kalio la katikati.

"Mimi," mume wangu akasema. Angesema nini? Kibao kiko nje.

Akamwambia basi akate kingine mbele yake, sasa hivi. Akatandaza meta mbili za mahameli zilizokuwa zimebaki, akampa chaki. Mume wangu akashika ile chaki kama mtu aliyepewa kijiko akaambiwa hiki ni kinanda. Akachora mstari. Ukapinda. Akaufuta kwa kiganja, na mahameli ikabaki na kiganja chake cheupe katikati.

Yule mwanamke akanigeukia. Niliangalia chini.

"Wewe ndiye msaidizi wake?"

Kabla sijatafuta jibu, Chaki akatokea uani na kikombe kitupu, akasema, "Mama, maji yamekwisha."

Wa Miwani akainama mbele ya mtoto, akamuuliza taratibu baba yake ni nani. Chaki akanyoosha kidole kwa mume wangu. Akamuuliza na mama yake ni nani. Chaki akamtazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga, akanishika sketi.

Mambo mengine yalitoka yenyewe, moja likivuta jingine kama uzi wa sweta. Mume wangu alikuwa amemwambia yule mwanamke kwamba mkewe aliondoka miaka miwili iliyopita. Kwamba mwanamke wa karakana ni mshona vitambaa tu. Kwamba mtoto analelewa na shangazi yake, na atalelewa huko mpaka aolewe, wala hatamsumbua mtu.

Mume wangu alijaribu kusema. Alisema angemweleza. Alisema kuna karatasi, Alhamisi mambo yanakwisha. Kila neno lilimzamisha zaidi.

Wa Miwani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake. "Miaka tisa nawauzia watu miwani," akasema, "kumbe mimi ndiye nilikuwa sioni."

Kisha akaniuliza mimi, macho yake makavu kabisa, "Kile kitambaa ulikigeuza kwa makusudi?"

Sijui sauti ilitoka wapi. "Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Usije kukibadilisha. Kitabaki hivyo hivyo. Kila mwanaume atakayekuja kwangu na maneno matamu, nitamkalisha hapo."

Akatoka. Mume wangu akamkimbilia mpaka kona. Akarudi peke yake.

*

Mnataka kujua nilijisikiaje. Nilijisikia kama mtu aliyekula akashiba akalamba na sahani. Wifi alipokuja kuuliza kaka yake ana nini, mbona ameshika tama, nilimpikia chai mwenyewe nikamwekea na sukari ya kutosha.

Jumatano mume wangu alikuwa mnyenyekevu. Alifagia karakana. Aliniuliza kama sindano zinatosha. Alimbeba Chaki mabegani, jambo ambalo hakulifanya tangu mtoto aache nepi. Nikajua ameshindwa. Nikasema moyoni kesho nitasema ndiyo yangu, nitachukua mtoto wangu, nitamwachia cherehani yake na masharubu yake ya kwenye kibao.

Nilifunga nguo za Chaki kwenye mfuko mmoja na zangu kwenye mwingine. Wa kwake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

*

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua. Alikuwa na leso mkono mmoja na faili letu mkono mwingine. Wifi alikuwa amekuja pia, akabaki na Chaki kwenye benchi la nje, kwa kuwa watoto hawaruhusiwi.

Hakimu akaanza na mimi. Akaniuliza kama nakubali talaka hii kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu. Nikasema nakubali. Akasema hasikii. Nikasema tena. Akaweka mkono sikioni.

"Nakubali," nikasema, na mara hii karani aliinua kichwa. "Nakubali kwa sharti lililoandikwa humo. Mtoto akae kwangu."

Hakimu akaandika. Akapiga chafya, akaomba radhi. Akamgeukia mume wangu, akamuuliza swali lile lile.

Mume wangu alisimama. Alikuwa amevaa shati lile nililolipiga pasi mwenyewe asubuhi, ili tuachane akiwa nadhifu.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nimebadili nia. Nilikosea. Nampenda mke wangu. Siwezi kumwacha."



Hakimu akatabasamu. Nadhani hayo hayasikii mara nyingi. Akasema basi kama mmoja hakubali, hakuna maridhiano, na karatasi yote imekufa pamoja na masharti yake.

Pamoja na masharti yake. Nikasimama bila kuambiwa nisimame. Nikasema mimi simtaki. Nikasema alikuwa na mwanamke, na mwanamke huyo amemkataa juzi, ndiyo maana. Nilisema maneno mengi kuliko niliyosema mwaka mzima, na yote yalitoka kwa wakati mmoja yakagongana mlangoni.

Hakimu alinisikiliza, na sikumwona mbaya. Akasema nina haki ya kurudi na shauri langu mwenyewe, nimshitaki nilete na ushahidi. Kisha akauliza lile swali ambalo mpiga chapa alinionya.

"Na huyu mtoto ni wako?"

Mume wangu akanitangulia. "Ni wangu, Mheshimiwa. Mama yake alifariki. Huyu alimkuta tu."

Alimkuta tu. Miaka minne, surua, chaki nyeupe kwenye nepi, yote hayo yakawa kumkuta, kama mtu anavyokuta mwavuli kwenye basi.

Hakimu akamuuliza, ikiwa mke ataamua kuondoka na shauri likafunguliwa, mtoto atakuwa wapi. Mume wangu hakufikiri hata kidogo. Akasema atakuwa kwa dada yake mkubwa, wameshaelewana tangu mwezi uliopita, chumba kiko tayari.

Karani akaandika na hilo. Faili likafungwa.

*

Kwenye ukumbi mume wangu alinikaribia, akaninong'oneza kama mtu anayenitongoza. Akasema mkahawa mmoja umeleta viti kumi na viwili vya kuvika upya, kitambaa kimeshafika, tuache mambo ya kitoto twende nyumbani.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Hakuwa ameshindwa Jumatano. Alikuwa ametulia, akahesabu. Mke mpya amekimbia. Na yule wa zamani akiondoka na mtoto, atabaki na fremu na misumari. Nikikaa, nitashona. Nikiondoka, naondoka bila Chaki. Kamba niliyomfunga nayo yeye, ile ya kunyima ndiyo, ndiyo aliyonifunga nayo mimi. Na nilimpa mwenyewe, siku ile nilipogeuza kitambaa. Wa Miwani asingekuja karakana, mume wangu angesema ndiyo mbio mbio, na mimi ningekuwa chini ya ngazi natandika kitanda cha mwanangu.

Nilijiuma mdomo mpaka nikaonja chumvi. Halafu nikamwambia, "Twende."

Akashtuka jinsi ilivyokuwa rahisi. Akashusha pumzi. Akatangulia kwenda nje, mikono mifukoni, akaanza kupiga mluzi.

Ajue tu. Aliomba talaka mara moja, ataiomba tena. Safari hii ataiomba kwa magoti, na sharti langu ataliandika mwenyewe kwa ule mwandiko wake mbaya. Kazi yangu ni kumfikisha hapo. Na nimejifunza, safari hii hasira zitakaa kabatini, nitatoa moja moja, kwa kipimo.

Benchini wifi alikuwa amemshika Chaki mkono. Aliponiona akacheka kwa pua.

"Haya Bubu, umeona? Umetuzungusha wiki mbili, umerudi palepale."

Wifi yangu, msichokijua, aliachiwa wadogo zake wanne akiwa na miaka kumi na saba. Mume wangu ndiye wa mwisho. Aliwalea wote, akawaosha, akawapeleka shule, na mchumba wake akachoka kungoja akaoa kwingine. Tangu wa mwisho alipotoka kwake, ameapa mbele ya kila anayemjua kwamba hatalea tena hata paka. Chumba cha pili amekijaza vyombo vyake na kukipiga kufuli.

Nikasimama karibu naye. Mtu ambaye kwa miaka minne sijawahi kumwambia maneno kumi kwa mkupuo. Nikasema kwa upole wote nilionao, macho chini, kama mke wa kaka anavyopaswa kusema na wifi yake mkubwa.

"Wifi, nashukuru kwa kukubali kumlea Chaki. Kaka yako amemwambia hakimu mlishaelewana tangu mwezi uliopita. Imeandikwa kwenye faili. Anasema chumba kiko tayari."

Wifi akamtazama Chaki, kisha akanitazama mimi. 

"Hata yule wa miwani alimwambia hivyo hivyo," nikaongeza. "Kwamba atakaa kwako mpaka aolewe."

Akauachia mkono wa mtoto taratibu, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwani. Kisha akamwita kaka yake. Hakumwita kwa jina ninalolijua mimi. Alimwita kwa jina la utotoni, refu, sijawahi kulisikia, kwa ile sauti ya dirisha la tiketi, na watu wote kwenye ngazi za mahakama wakageuka.

Mluzi ukakatika. Mume wangu akasimama, mguu mmoja ngazi ya juu, mguu mmoja ngazi ya chini, asigeuke.

Mimi nikamshika Chaki mkono, tukarudi nyuma hatua mbili, ili tuone vizuri.